Wameoana, Ila Hawajafunga

Novemba 2025 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa waraka uitwao Una caro, yaani "mwili mmoja", wenye saini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández na idhini ya Papa Leo wa XIV. Ni waraka mrefu wa kuisifu ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, unaonukuu hata washairi, jambo ambalo hatukulizoea kutoka ofisi ile. Unagusa pande mbili: ndoa za wake wengi, ambazo maaskofu wa Afrika wamekuwa wakizifikisha Roma, na ule mtindo unaokua Magharibi wa watu watatu au wanne kuishi kimapenzi kwa makubaliano. Huku kwetu wengi waliusikia juu juu, wakaupokea kama karipio kwa mwanamume wa Kiafrika. Kuna walioshangilia kwamba hatimaye Roma imesema, na kuna walionuna kwamba Roma haitujui. Kwa maoni yangu wote wamekinga ndoo mahali ambapo paa halivuji.

Pengo kubwa kati ya fundisho la Kanisa Katoliki kuhusu ndoa na imani ya waumini wake wa Afrika Mashariki haliko kwenye idadi ya wake. Liko kwenye maswali mawili ya kawaida kabisa: ndoa inaanza lini, na inafungwa lini. Kanisa linayajibu yote mawili kwa jibu moja: siku ile, mbele ya padre na mashahidi wawili, mnapoulizwa na kuitikia. Waumini wengi wana majibu mawili. Ndoa huanza nyumbani kwa kina mke, wazee wakishakubaliana. Hufungwa kanisani, pengine baada ya miaka kumi, wenyewe wakishaona kwamba imeshika. Na hawa wenye majibu mawili si waasi, wala si watu walioshindwa katekesi. Wengi wao wanaikwepa altare kwa sababu kuna sehemu moja ya fundisho wameiamini kuliko hata wahubiri wake walivyotarajia.

Wake wengi kwanza, kwa kifupi. Utafiti wa taasisi ya Pew uliochapishwa 2020 ulikadiria kwamba wanaoishi katika nyumba za wake wengi ni kama asilimia 2 ya watu wote duniani, na asilimia 11 kusini mwa Sahara. Vinara wako Afrika Magharibi: Burkina Faso asilimia 36, Mali 34. Huku kwetu pia wapo, na aliyewahi kukaa Mara au Umasaini anawajua kwa majina. Swali lao ni zito: mwanamume mwenye wake watatu akitaka kubatizwa, wawili waende wapi? Waanglikana walimkatalia mtu huyo katika mkutano wa maaskofu wao uitwao Lambeth, ule wa 1888, kisha Lambeth ya 1988 ikakubali abatizwe pamoja na wake zake walioamini, kwa ahadi kwamba hataoa tena maadamu yeyote kati yao yu hai. Wakatoliki bado wanamtaka abaki na mmoja, na kikao cha Sinodi cha Oktoba 2023 huko Roma kiliwaomba maaskofu wa Afrika, kupitia SECAM, yaani umoja wa mabaraza yao ya Afrika na Madagaska, wayapime upya malezi ya watu wa namna hiyo. Sawa. Lakini huyo ni mtu anayebisha hodi kutoka nje. Mimi nawazungumzia waliozaliwa ndani, wakabatizwa wakiwa wachanga, wakapata kipaimara, wakakaririshwa amri kumi na katekista wa kigango.

Ingia Misa ya Jumapili, ngojea wakati wa Komunyo, kisha tazama wanaobaki kwenye mabenchi. Mzee wa wake watatu humkuti. Unamkuta mama wa miaka thelathini na tano, mwanakwaya, mtunza hazina wa jumuiya, ambaye nyumba yake ndiyo iliyopokea sala za jumuiya wiki iliyopita na uji ukanywewa. Ana watoto watatu na mwanamume mmoja, tangu mwanzo ni huyo huyo mmoja. Waraka wa Roma ungemkuta huyu mama hana deni nao hata kidogo. Na bado hapokei, kwa sababu yeye na baba watoto wanaishi katika kile ambacho mitaa ya Tanzania imekiita uchumba sugu, yaani kuishi kama mume na mke bila kufunga ndoa, sugu kama malaria isiyosikia dawa.

Ni vizuri kukumbuka kwamba hata Kanisa lenyewe halikuzaliwa na jibu lake la leo. Fundisho la msingi, lililomo katika kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa, ni kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili. Padre haozeshi kwa maana ya kwamba yeye ndiye anayeitengeneza ndoa. Yeye anasimama kuipokea ridhaa kwa niaba ya Kanisa. Kwa karne nyingi Wakristo wawili waliopeana neno chumbani bila padre wala shahidi walihesabiwa kuwa wameoana, ingawa walihesabiwa pia kuwa wametenda dhambi kwa kufanya kwa siri. Ni Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, uliosema kwamba bila paroko na mashahidi hakuna ndoa, na sababu yake ilikuwa ya haki kabisa: wanaume walikuwa wakimwoa mmoja kwa siri, wakimkana, kisha wanamwoa mwingine hadharani. Hata hivyo agizo hilo halikuenea kila mahali hadi amri ya Papa Pius wa X ya 1907 iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908. Na mpaka leo kuna kipengele ambacho sijawahi kusikia kikitangazwa kigangoni: kanuni ya 1116 inasema kwamba pale ambapo padre hapatikani bila usumbufu mkubwa, na inaonekana hatapatikana kwa mwezi mzima, wachumba wanaweza kuoana kihalali mbele ya mashahidi wawili tu. Fikiria vijiji vinavyomwona padre mara moja kwa miezi miwili.

Upande wa pili kuna fundisho la wazee, ambalo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Mshenga anapeleka barua ya posa. Inajibiwa. Watu wanakwenda kujitambulisha. Mahari inatajwa, inapunguzwa, inaanza kutolewa. Mkaja wa mama, blanketi la bibi, mbuzi wa wajomba, kila kabila na orodha yake. Hakuna saa moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema hapa ndipo walipokuwa mume na mke. Ndoa inakua kama mtoto anavyokua, na wakati mwingine mahari inamaliziwa wakati wajukuu wanatembea. Lugha yenyewe imelitunza jambo hili. Tuna kuoa na kuolewa, na tuna kufunga ndoa. Kwenye kamusi unaweza kuyaweka karibu karibu, lakini mtaani yana kazi tofauti. "Yule kaoa?" "Kaoa, ana watoto wanne." "Wamefunga?" "Bado." Wanaozungumza hivyo hawajajichanganya hata kidogo. Kuoa ni kuanza maisha. Kufunga ni kitenzi cha mlango, cha mzigo na cha mahabusu, na hata MC wa harusini anaposema kwa furaha kwamba wawili hawa leo wamevishana pingu za maisha, hakuna ukumbini asiyejua pingu ni kitu gani.

Serikali nayo imeongeza jibu la tatu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, mahakama itachukulia kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mama yetu wa kwenye benchi, kama mahari yake ilitolewa, ni mke kwa ukoo, anaweza kuhesabiwa mke kwa hakimu, na ni mchumba kwa paroko. Mwanamke huyo huyo, nyumba hiyo hiyo.

Majibu haya yalipishana vipi? Nina dhana moja, na ichukuliwe kama dhana. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na Wakristo wake wa mwanzo walikuwa hasa watu waliokombolewa utumwani. Walilelewa misheni, wakafundishwa kazi, wakaozeshwa na misheni, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Watu hawa hawakuwa na mjomba wa kudai mbuzi wala shangazi wa kuuliza binti ametokea ukoo gani. Biashara ya utumwa ilikuwa imewakata na koo zao. Hapo padre alikuwa padre, na alikuwa baba, mshenga na ukoo mzima kwa pamoja, na ndoa iliyoanzia altare ilikuwa ndoa kamili kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuanzia. Mtindo huo, uliofaa kabisa kwa watu wasio na ukoo, ulipopelekwa bara kwa Wachaga, Wahaya na Wanyamwezi ulikutana na koo zilizosimama imara, zenye washenga na ng'ombe wao. Hazikuupinga. Ziliupokea kama hatua moja zaidi, ya mwisho, juu ya zile zilizokuwapo.

Sasa tuje kwenye maelezo yanayotolewa kuhusu uchumba sugu. La kwanza, na ndilo dhaifu kuliko yote ingawa ndilo linalopendwa zaidi, ni gharama. Tunaambiwa vijana wanashindwa kufunga kwa sababu ya sendofu, kichenpati, kadi za michango, ukumbi, gari la maharusi na keki ya ghorofa nne. Ni kweli mambo hayo yanatisha; nimekaa kwenye kamati za harusi na najua bajeti inavyopanda kila wiki. Lakini Kanisa halidai hata kimoja kati ya hivyo, na maparoko wamekuwa wakilijibu tatizo hilo kwa ndoa za pamoja, ambapo jozi nyingi zinafungishwa kwenye Misa moja kwa gharama ndogo mno. Wanaokuja ni wengi kiasi cha kujaza picha, si wengi kiasi cha kumaliza mabenchi. Isitoshe tatizo lina umri mkubwa kuliko keki ya ghorofa nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wakuu wa Kianglikana barani Afrika walimwagiza Adrian Hastings, wakati huo padre Mkatoliki, aichunguze ndoa ya Kikristo, na taarifa aliyoitoa 1973 ilionyesha kwamba ndoa za kanisani zilikuwa zinapungua ukilinganisha na wingi wa waumini. Anayesema "nikipata hela nitafunga" anatumia sababu ambayo kila mtu anaiheshimu ili asiulizwe ile nyingine.

Maelezo ya pili ni ujinga: hawakufundishwa vya kutosha, waongezewe semina. Hili lina nguvu kidogo zaidi, lakini linavunjwa na mwenendo wa watu hao hao. Asiyejua fundisho angejipanga mstari wa Komunyo bila wasiwasi, maana hakuna askari anayekagua vyeti pale mbele. Mama yule anabaki ameketi kwa sababu analijua fundisho na analitii, Jumapili baada ya Jumapili, huku jirani zake wa benchi wakimruka magoti kwenda mbele. Kitu anachofanya kinagharimu aibu, na watu hawalipi gharama ya namna hiyo kwa jambo wasiloliamini.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria ndoa za pamoja katika parokia moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Baada ya Misa nilimuuliza bwana harusi mmoja, mzee wa makamo aliyesimamiwa na mwanawe wa kumzaa, ni nini kilichomchelewesha. Alijibu bila kufikiri: "Nilikuwa naangalia." Mkewe, aliyekuwa anajifunga kilemba upya, akadakia: "Na mimi nilikuwa namwangalia yeye." Walikuwa wameangaliana miaka ishirini na sita.

Kuangalia huko ndiko kiini cha jambo. Wawili wale walikuwa wameamini bila shaka yoyote kwamba neno la kanisani halirudi. Ndoa ya wazee ina mlango wa nyuma: ikishindikana, wazee wanakaa, mahari inazungumziwa, mtu anarudi kwao. Ya bomani ina talaka. Ya kanisani haina mlango, na kila mtoto aliyekulia jumuiya anamjua shangazi au jirani aliyepigwa miaka na miaka akaambiwa avumilie kwa sababu alifunga. Kwa hiyo watu wenye akili timamu wanafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya kabla ya kuingia chumba kisicho na mlango: wanachungulia kwanza. Je, tutazaa? Ulevi wake utapungua? Mama yake atanikubali? Wanaume wanaangalia uzazi, wanawake wanaangalia ngumi, na wote wawili wanaangalia pesa. Kanisa limefaulu mno kufundisha kwamba ndoa haivunjiki. Halijafaulu kufundisha kwamba kabla ya hapo hakuna ndoa. Waumini wameunganisha fundisho walilolipokea na lile la wazee, wakapata mfumo mmoja unaoshikana vizuri sana kichwani, na unaowaweka nje ya meza ya Bwana kwa nusu ya maisha yao.

Msimamo wa Kanisa una hoja moja ambayo watetezi wa mila huipita haraka, na naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wazee wanaweza kumaliza mahari bila binti kufungua mdomo. Sheria yetu ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu, iliyotamka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, kisha Serikali ikate rufaa na kushindwa 2019. Kanisani binti anaulizwa yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, kama amekuja kwa hiari yake. Kabla ya hapo majina yanatangazwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mke aliyefichwa mkoa mwingine apate nafasi ya kusikika. Ulinzi huo ndio Trento iliokuwa inautafuta, na anayetaka ndoa zirudishwe zote mikononi mwa wazee anijibu kwanza kuhusu huyo binti wa miaka 15. Vilevile tusiipambe mila ya mjini. Chumba kimoja cha kupanga Mbagala ambacho vijana wawili wamehamia kwa sababu ya mimba, bila barua, bila mshenga, huku kwao Sumbawanga wakisikia kwa simu, si ndoa ya kimila. Wazee wa zamani wangedai faini. Sehemu ya uchumba sugu ni ya namna hii, na hoja yangu haiwafuniki hao.

Kwa wale inayowahusu, kuna njia iliyo wazi ndani ya sheria za Kanisa lenyewe. Kanuni ya 1120 inaliruhusu baraza la maaskofu la nchi kutunga ibada yake ya ndoa inayofuata desturi za watu wake, kwa idhini ya Roma, mradi yule anayeliwakilisha Kanisa awepo, aulize na kupokea ridhaa. Kanuni ya 1112 inaruhusu, pale ambapo mapadre na mashemasi hawapo, mlei akasimiwe kazi hiyo kwa ruhusa zinazotakiwa. Maana yake ni kwamba siku ya mahari, uani kwa kina binti, baada ya washenga kumaliza yao, katekista aliyeidhinishwa anaweza kusimama akamuuliza binti mbele ya wajomba zake kama anataka. Binti akiulizwa uani, anapata ulinzi ule ule wa kanisani, tena mbele ya watu walewale ambao wangemlazimisha. Jibu la wazee na jibu la padre yangekutana saa moja.

Ila nikijisoma mwenyewe naona shimo. Ukiileta pingu kwenye siku ya mahari, hutakuwa umeondoa hofu ya pingu. Utakuwa umeihamishia hofu hiyo kwenye mahari. Wanaoangaliana sasa wataanza kuangaliana mapema zaidi, bila hata barua ya posa, na mwanamke atapoteza kile kidogo ambacho ukoo ulikuwa unamdhaminia. Ibada mpya bila kuigusa hofu ingeongeza idadi ya vyumba vya Mbagala. Hofu hiyo haitulizwi kwa kulegeza fundisho, na hakuna dalili kwamba Papa Leo ana nia hiyo. Inaweza kutulizwa kwa mambo ambayo tayari yapo na hayasemwi. Kanisa linakubali, katika kanuni ya 1153, kwamba anayehatarishiwa mwili au roho na mwenzake ana haki ya kuondoka na kuishi mbali naye, na pale ambapo kungoja kuna hatari anaondoka kwanza, ruhusa ya askofu inafuata baadaye. Kanisa lina mahakama zake zinazoweza kuchunguza kama ridhaa ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, na Papa Fransisko alizifupishia mashauri hayo mwaka 2015. Yule shangazi aliyeambiwa avumilie alikuwa na haki ya kuondoka, na aliyemnyima ni mshauri wake, si fundisho.

Nimeketi kwenye semina za wachumba katika parokia tatu tofauti, mara moja kama mchumba na mara mbili kama msimamizi. Kanuni ya 1153 haikutajwa hata mara moja. Sehemu kubwa ya muda ilitumika kueleza, kwa mifano mingi na kwa sauti ya onyo, kwamba ndoa haivunjiki, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa na watoto wa kwenda shule na walikuwa wamechelewa kuja kwa sababu hiyo hiyo.